Piano za dijitali za bei nafuu: usiulize uzito wa kitufe, uliza kinavyorudi

Wanaotafuta piano ya dijitali ya kuanzia huniuliza swali lile lile: "Vitufe vyake ni vizito kama vya piano yenyewe?" Huwa nawajibu kwamba vizito vipo tele, na kwamba hilo si swali. Tumeaminishwa kuwa wepesi ni wa kinanda cha kuchezea watoto na uzito ni wa piano, basi, mambo yamekwisha. Matokeo yake kila kampuni inaandika "nyundo" na "uzito" kwa herufi kubwa kwenye boksi, na hakuna hata moja inayokuambia kitufe kinarudi juu kwa namna gani au egemeo lake, yaani pale kinapobembea, liko umbali gani kutoka ukingoni. Kwangu mimi hayo mawili ndiyo piano. Milio ya ziada, midundo na Bluetooth ni mapambo.

Kazi yangu ni kusindikiza waimbaji na kufundisha wanaoanza. Sina mikono mikubwa. Oktava, yaani do hadi do inayofuata kwa mkono mmoja, ninaifikia bila ziada, kwa hiyo mkono wangu huingia ndani, kati ya vitufe vyeusi, mara nyingi kuliko mkono wa mtu mwenye vidole virefu. Lieleweni hilo mapema, maana malalamiko yangu mengine yanatoka hapo na mwenye mikono mipana anaweza kuyaona ya mtu mwenye kinyongo. Piano ninazozisema ni zile za kubebeka, zenye vitufe 88, zinazokaa chini kabisa au karibu na chini kwenye orodha ya kila kampuni: Roland FP-10 na FP-30X, Yamaha P-145 na P-45 iliyoitangulia, Kawai ES120, Casio PX-S1100 na CDP-S110, na Korg B2. Nyingine nimezipiga kwa wanafunzi, nyingine kwenye mazoezi ya kwaya, moja ninalala nayo chumba kimoja.

Kwanza tuone kinachoigwa. Kwenye piano kubwa ya kulala, kitufe ni wenzo mrefu wa mbao. Sehemu unayoiona ni sentimita 15 hivi tu; iliyobaki, ambayo ni kubwa zaidi, imefichwa ndani. Ukikandamiza mbele, nyuma inapanda na kuirusha nyundo juu, na kabla nyundo haijagusa uzi, mtambo unaiachia iende yenyewe. Isipoachiwa ingebaki imeugandamiza uzi na mlio ungezimika papo hapo. Bartolomeo Cristofori alilimaliza tatizo hilo mjini Florence karibu na mwaka 1700. Mwaka 1821 ikatolewa hataza ya mtambo wa Sébastien Érard unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa. Kuachia na kurudia: mpiga piano anayajua mambo hayo kwa ncha za vidole hata kama hajawahi kuona ndani ya ala yake.

Ndani ya piano ya dijitali nyundo ipo, ila haipigi kitu. Ni kipande cha plastiki kilichotiwa chuma, kimekunjwa chini ya kitufe, na kazi yake ni kukipa kidole upinzani. Mlio hautoki kwake hata kidogo. Chini kuna utepe wa mpira wenye viguso vya kaboni. Kitufe kikishuka kinafunga kiguso cha kwanza, halafu cha pili, na kompyuta ya ndani inapima muda uliopita kati yake. Muda ukiwa mfupi sauti inakuwa kubwa, ukiwa mrefu sauti inakuwa ndogo. Kwa utaratibu wa MIDI, lugha ambayo ala za elektroniki huzungumziana, unaotumika tangu 1983, kasi hiyo inaandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Kwa maneno mengine, kidole kinaletewa habari na nyundo ya bandia, na sikio linaletewa habari na kihesabu muda. Habari hizo mbili zikipatana, unasema piano ina mguso mzuri. Zisipopatana, hata kitufe kiwe kizito vipi, utahisi unaongea na mtu kwa simu inayochelewa.

Sasa huo uzito wenyewe. Mafundi huupima kwa kupanga vipimo vidogo juu ya ukingo wa kitufe mpaka kishuke polepole. Piano ya nyuzi iliyotunzwa vizuri huwa karibu gramu 50 katikati ya kibodi, besi zikizidi kidogo na noti za juu zikipungua. Piano za dijitali zinaiga hata mteremko huo, na nyingi zinauiga vizuri. Lakini hakuna anayepiga muziki kwa gramu za polepole. Ukipiga kwa kasi, unachokutana nacho ni ubishi wa nyundo kuanza mwendo, na huo haupimwi kwa kuweka vipimo juu. Kibodi mbili zinaweza kutoa gramu zile zile, moja kwa sababu ina nyundo yenye uzito wa kweli, nyingine kwa sababu sehemu zake zinasuguana. Ya kwanza inakupa kitu cha kusukuma, kisha ikishapata mwendo inakwenda yenyewe na mkono unapumzika. Ya pili inakukaba njia nzima, kwenda na kurudi, na baada ya saa moja ya mazoezi misuli ya juu ya kigasha inakuambia. Kuhusu zile zinazotumia springi badala ya nyundo sina mengi: springi inazidi kukaza kadiri unavyoshuka, kinyume kabisa na piano. Kwa mipigo ya ogani zinafaa.

Linalonisumbua zaidi ni egemeo, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu nitatumia hesabu ya wenzo.

Chukua kibodi mbili za kubuni, zote zikihitaji gramu 50 ukipiga ukingoni, na zote zikishuka milimita 10 hapo ukingoni. Ya kwanza egemeo lake liko sentimita 20 kutoka ukingo, ya pili sentimita 25. Ukipiga ukingoni hutaona tofauti. Sasa ingiza kidole sentimita 10 ndani, ambako ni kama katikati ya urefu wa vitufe vyeusi. Kwenye ya kwanza umebakiza sentimita 10 hadi egemeo, kwa hiyo unahitaji gramu 100. Kwenye ya pili umebakiza 15, unahitaji gramu 83 hivi. Ingia hadi sentimita 14, karibu na ukuta wa nyuma wa vitufe: ya kwanza inadai gramu 167 na inashuka milimita 3 tu; ya pili inadai gramu 114 na inashuka zaidi ya milimita 4. Ni kusukuma mlango karibu na bawaba. Na kumbuka lazima utoe sauti ndogo, laini, iliyodhibitiwa, ndani ya hizo milimita 3.

Nani anapiga ndani namna hiyo? Kila mtu, pale muziki unapokuwa na alama nyingi za kupandisha au kushusha noti. Kidole gumba kikikaa juu ya kitufe cheusi, vidole virefu vinavyotua kwenye vyeupe vinaingia ndani kabisa. Kordi (noti kadhaa kwa pamoja) ya si bemoli mainori, ambayo waimbaji wa sauti za chini hawaishi kuiomba, inanipeleka huko kila mara. Mwanafunzi anayebaki kwenye do meja, yenye vitufe vyeupe vitupu, hatalijua tatizo hili kwa muda mrefu, na ndiyo maana anayejaribu piano dukani kwa skeli ya do anatoka ameridhika.

Kampuni hazichapishi urefu wa wenzo kwenye piano za ngazi hii. Ila zinachapisha kina cha kasha, na kasha haliwezi kuficha wenzo mrefu kuliko lenyewe. PX-S1100 ina kina cha milimita 232. Toa sentimita 15 za kitufe kinachoonekana, na ukumbuke kwamba plastiki ya mbele na ya nyuma nazo zinataka nafasi yao: kilichobaki kwa ajili ya egemeo na mengineyo hakifiki sentimita 8. FP-10 ina 258, P-145 ina 268, ES120 ina 280, FP-30X ina 284, na P-45 ya zamani ilikuwa na 295. Kasha pana halithibitishi wenzo mrefu, kwani huenda limejazwa spika, lakini kasha jembamba linathibitisha wenzo mfupi. Namba hiyo moja imenisaidia kuliko aya zote za matangazo.

Jambo la pili ni kurudi. Piga noti moja haraka kwa vidole vitatu vinavyopokezana, cha nne, cha tatu, cha pili, bila kuinua kiganja. Kwenye piano ya kulala unaweza kubaki karibu na chini ya kitufe na noti ikaendelea kuita, shukrani kwa Érard. Kwenye piano ya dijitali yenye viguso viwili, kitufe hakina budi kupanda mpaka kipite kile cha juu, ndipo mashine ikubali kwamba umepiga upya. Usipokiacha kipande juu, noti inamezwa na unasikia pengo. Penye viguso vitatu, kitufe kikipanda kiasi fulani tu, mashine iko tayari kwa pigo jingine, na noti inaweza kurudiwa bila kuzimwa kwanza. Hilo ni jambo la maana, si la matangazo. Lakini viguso vitatu haviwezi kukiinua kitufe. Kinachokiinua ni uzito wa nyundo ukishuka, na ikiwa nyundo ni nzito huku msuguano ni mkubwa, kitufe kinapanda kwa uvivu na hivyo viguso vitatu vinakaa vikingoja.

Kuna njia ya kulijaribu hilo hata piano ikiwa imezimwa. Kandamiza kitufe hadi chini, kisha kiachie kwa kuteleza kidole kuelekea kwako. Sikiliza na tazama. Kizuri kinarudi kwa mwendo mmoja na kutulia. Kibaya kinarudi kwa kusitasita, au kinafika juu na kudunda kabla ya kukaa. Fanya hivyo kwenye besi, katikati, juu, halafu kwenye vitufe vyeusi, kwa sababu vyeusi na vyeupe havifanani kila mahali.

Sasa tuzitaje kwa majina. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami ngozi yangu naivutia kwa FP-10. Ilitoka 2019, ina kilo 12.3, na kibodi yake, PHA-4 Standard, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye FP-30X ya 2021. Viguso vitatu. Ukikishusha kitufe polepole sana, karibu na chini unakutana na kizuizi kidogo unachokivuka kwa msukumo mdogo. Hicho kinaiga ile hatua ya nyundo kuachiwa. Wengi husema ni urembo usiosikika ukipiga muziki wa kawaida. Ni kweli ukipiga kwa nguvu hukihisi. Mimi nakitumia ninapotaka sauti ya chini kabisa: nashuka mpaka nikiguse, kisha nasukuma kutoka hapo, na kordi nzima inatoka pamoja badala ya noti moja kujitenga. Kwa anayesindikiza mwimbaji mmoja chumbani, hilo pekee linatosha kunishawishi.

Ni nzito, lakini. Kati ya zote hizi ndiyo inayonichosha mapema zaidi, na mwanafunzi mdogo wa umri akikalishwa hapo bila mwalimu ataanza kupiga kwa bega. Kurudi kwake ni kuzuri, si kwa kasi ya kushangaza. Uso wa vitufe una vinyweleo vidogo vinavyoiga pembe ya ndovu, ambayo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989. Vijana wengi wanaosifu "mguso wa pembe" hawajawahi kuigusa hiyo pembe. Hata hivyo vinyweleo hivyo ni vizuri. Vidole vikitoka jasho havitelezi, na jasho ndilo linalotuharibia onyesho, si gramu.

Linaloshangaza ni kwamba FP-30X hunikalia nyepesi zaidi mkononi, ilhali kibodi ni ile ile. Jibu liko kwenye spika. FP-10 ina wati 6 kwa kila upande, FP-30X ina 11. Sauti ikiwa imejaa, mkono haulazimiki kuitafuta. Ukipiga FP-10 kwa spika zake na sauti imepunguzwa ili usisumbue nyumba, utajikuta unapiga kwa nguvu kuliko unavyodhani, halafu unailaumu kibodi. Vaa hedifoni nzuri na tofauti kati ya hizo mbili inayeyuka karibu yote. Anayelipia FP-30X analipia spika, matundu ya kutolea sauti, kasha la kilo 14.8 linalotulia juu ya stendi, na polifonia (noti zinazoweza kuita kwa wakati mmoja) ya 256 dhidi ya 96. Halipii kibodi bora zaidi, na muuzaji akimwambia kinyume chake amuulize jina la kibodi hiyo.

P-145 ya 2023 ni ya tabia tofauti. Yamaha waliiacha kibodi ya GHS waliyoitumia miaka mingi wakaweka mpya, GHC, na mkononi mwangu badiliko hilo ni la heri. GHS ya P-45 ilikuwa na besi zilizonikumbusha kila mara kwamba ni besi. Nzito, za polepole kurudi, ila ngumu kuharibika. GHC ni nyepesi na inarudi haraka zaidi. Skeli za kasi zinatiririka. Mwanafunzi anayeanza hachoki. Kinachokosekana ni ule ukakamavu wa chini: kati ya sauti ndogo na sauti ndogo sana, kidole hakipati mahali pa kushika, na mara mbili au tatu katika kila wimbo wa polepole noti inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Anayepiga midundo ya haraka ya kwaya hataliona hilo. Na ina kilo 11.1, jambo ambalo ngazi za ghorofani hulithamini.

Kawai ES120 ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wenye vidole laini na masikio makali. Kibodi yake ni RHC yenye viguso viwili tu, na kwenye karatasi inashindwa na Roland. Mkononi mambo ni mengine. Kitufe kinaanza mwendo bila kubisha, kinashuka sawasawa, kinafika chini kwenye kitu laini, hakigongi. Sauti inafuata kidole kwa utii. Ukibadilisha kidogo tu, inabadilika kidogo tu. Ule upatano wa habari mbili niliousema juu, hapa naupata zaidi kuliko kwenye piano nyingine za kundi hili. Kurudia noti kwa kasi ndipo viguso viwili vinajionyesha: lazima ukiachie kitufe kipande. Na ni nyepesi. Aliyezoea piano ya kusimama yenye vitufe vizito ataiona haina mfupa.

PX-S1100 nimeishaisema kwa hesabu, lakini nisiionee. Ni nyembamba, ina kilo 11.2, inakubali betri sita ndogo za AA, na kwa mtu anayebeba ala yake mwenyewe kwenda na kurudi hakuna inayomfaa zaidi. Waliounda wanajua ufupi wa wenzo unaleta nini, ndiyo maana mashine inarekebisha mwitikio wa kila kitufe kwa hesabu, ili cheusi na cheupe vitoe sauti inayolingana. Sauti inarekebishwa. Nguvu ya kidole hairekebishwi na programu yoyote. Ukipiga mbele, ni kibodi nzuri, nyepesi kiasi, yenye uso unaoshika. Ukiingia ndani, mambo niliyoyaeleza yanatokea yote. CDP-S110 ni nduguye wa bei ya chini mwenye kina kile kile na uso mkavu unaokwaruza kidogo. Kwa kujifunza mwaka wa kwanza inatosha.

Korg B2 nina machache ya kuisemea. Kibodi ya NH ni thabiti, nzito kiasi, haina kizuizi cha kuachia, haina ujanja. Sijawahi kuichukia, na sijawahi kuikumbuka nikiwa nimekaa kwenye nyingine.

Kelele ni jambo ambalo dukani hutalisikia, kwa sababu duka lina kelele zake. Kitufe kikifika chini kinapiga felti, kile kitambaa kinene cha kufyonza mshindo, kikirudi juu kinapiga felti nyingine. Felti inakandamizika kwa miaka, grisi inakauka, na mlio wa "to" unageuka "ta". Kibodi moja niliyowahi kuimiliki, ambayo siitaji, ilifikia hali ya kusikika chumba cha pili hata nikiwa na hedifoni. Waliokuwa wakilala hawakusikia muziki, walisikia mtu anachapa taipureta. Baadaye noti moja ya katikati ikaanza kulipuka kwa sauti kubwa kabisa hata nikiigusa kwa upole. Hilo si ajabu: vumbi likiingia kwenye kiguso kimoja, mashine haipati tena muda wa kweli kati ya cha kwanza na cha pili, inakadiria vibaya na kutoa sauti ya juu. Fundi aliifungua, akasafisha utepe wa mpira kwa spiriti ya isopropili, ikapona. Siku hizi nikitazama piano iliyotumika, napiga vitufe vyote 88 kimoja kimoja kwa sauti ndogo sana kabla ya kupiga wimbo wowote. Noti inayoruka juu ya wenzake au inayokosa kuita ni ishara ya mpira. Kitufe kinachogonga ni ishara ya felti. Mpira unasafishika au kubadilishwa. Felti inadai kuifungua kibodi nzima, na gharama ya fundi inaweza kukaribia ya piano yenyewe.

Kelele nyingine inapita sakafuni. Wanaokaa chini yako hawasikii noti, wanasikia mapigo. Mkeka mnene wa mpira chini ya miguu ya stendi husaidia; zulia jembamba halisaidii kitu.

Na stendi yenyewe. Ile yenye umbo la herufi X inayumba. Ukipiga kordi kwa nguvu, sehemu ya nguvu yako inaingia kwenye kuyumba badala ya kuingia kwenye kitufe, na mkono unasoma hali hiyo kama ulegevu wa kibodi. Nimeshaona mtu akitaka kubadilisha piano nzuri, kisha akaweka stendi ya miguu minne na malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo. Kiti nacho: kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu kidogo. Anayekaa chini mno anavuta vitufe badala ya kuviangukia, na hapo kila kibodi ni nzito.

Piano hizi zote zina mahali pa kuchagua mwitikio, mwepesi, wa kati au mzito. Watu hudhani wanabadilisha uzito wa kitufe. Hawabadilishi. Wanabadilisha kasi gani ihesabiwe kuwa sauti kiasi gani. Lakini mkono unadanganyika kwa hiari yake: ukichagua mwitikio mzito kwenye kibodi nyepesi kama ya P-145 au ES120, unalazimika kupiga kwa nguvu zaidi ili upate sauti ile ile, na ghafla kibodi inaonekana na mfupa. Kwenye FP-10 mimi nafanya kinyume, nachagua mwepesi kidogo, na uchovu unapungua. Kabla hujairudisha piano dukani, kaa na kitufe hicho cha mipangilio jioni nzima.

Kuhusu kuhamia piano ya nyuzi, ambalo ndilo hofu ya wazazi wengi: wanafunzi wangu waliojifunza kwenye hizi hawakwami kwa uzito. Wanakwama kwa sababu piano ya nyuzi haitoi sauti kabisa ukikigusa kitufe kwa woga, nyundo inaishia njiani. Ya dijitali mara nyingi hukupa walau sauti fulani. Waliozoea kuotea sauti ndogo kwenye kibodi ya FP-10 huvuka upesi zaidi kuliko wengine, na nadhani ni kwa sababu ya kile kizuizi cha chini, kwani kimewafundisha kumaliza safari ya kitufe. Pedali huwapa taabu zaidi. Kile kibao kidogo cha mguu kinachokuja na piano nyingi za ngazi hii kinajua kufungua na kufunga tu, na kinateleza kwenye sakafu. Pedali ya piano ya nyuzi ina nusu, na robo, na mguu wao haujawahi kusikia habari hizo.

Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya chumba changu, ningechukua FP-10 na hedifoni nzuri, na kilichobaki mfukoni ningekitia kwenye stendi ya miguu minne na pedali inayoelewa nusu. Kwa mwanafunzi wa miaka saba ningechukua P-145. Kwa rafiki yangu anayepiga nyimbo za polepole usiku na hana haraka ya kurudia noti, ES120. Anayebeba piano yake mgongoni na kupiga zaidi kwenye vitufe vyeupe achukue PX-S1100 wala asinisikilize.